Kurasa nne za maana kati ya 38: tathmini ya huduma ya mkakati wa masoko mtandaoni

Karakana yetu ya bidhaa za mkonge ipo Ngamiani, mjini Tanga, nayo imekuwa na tovuti kwa miaka mitatu sasa. Muda wote huo tovuti ilikuwa kama kibao cha duka kilichotundikwa uchochoroni: kipo, kinapendeza, lakini apitaye barabara kuu hakioni. Mwezi Februari tuliingia mkataba na kampuni ndogo ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, ituandalie mkakati wa masoko mtandaoni kwa wiki sita na kwa shilingi 1,400,000, nusu ikitangulia na nusu ikilipwa baada ya kukabidhiwa kazi. Tulipokea andiko la kurasa 38. Kurasa nne kati ya hizo zilistahili fedha yote tuliyotoa. Nyingi zilizobaki hazikustahili hata wino wa kuzichapia.

Kikao cha kwanza ndicho kilichonifanya niwaheshimu. Kijana waliyemtuma aliketi juu ya robota la singa, yaani nyuzi za mkonge, akaacha kompyuta yake mfukoni, akauliza, “Mama, mteja wa mwisho aliyenunua mzigo wa maana alikuwa nani, na alikupataje?” Sikuwa na jibu. Tulilazimika kufungua vitabu vya stakabadhi vya mwaka mzima na ujumbe wa WhatsApp, tukakaa navyo hadi adhuhuri, na ndipo ilipobainika kwamba tuna wanunuzi wa aina tatu: hoteli za ufukweni za Pangani na Zanzibar zinazoagiza mazulia na vikapu vya nguo chafu kwa makumi, maduka ya mapambo ya Dar es Salaam, na mtu mmoja mmoja anayetaka kikapu chake cha sokoni. Hoteli zilikuwa chache kuliko wote, lakini ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya mapato, ilhali tovuti yetu ilikuwa ikizungumza na mnunuzi wa kikapu kimoja tu. Haikuwa na vipimo, haikueleza mzigo huchukua siku ngapi kukamilika, wala haikusema kama rangi hutoka kikapu kikilowa, jambo ambalo ofisa manunuzi wa hoteli huuliza kabla hata ya bei.

Fundi wetu mkongwe, aliyekuwa akisuka pembeni huku akisikiliza, alinigeukia akasema, “Mwanangu, mwambie huyo bwana kikapu kikubwa kinanichukua siku tatu, wasije wakataka hamsini kwa wiki.” Kijana aliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Leo ukurasa wa hoteli kwenye tovuti yetu unaanza na muda wa kazi kwa kila bidhaa, kisha vipimo kwa sentimita, kisha kiwango cha chini cha oda, na tangu hapo sijapokea simu ya mtu anayetaka vikapu hamsini kwa wiki.

Hayo ya wanunuzi ndiyo yaliyokuwa ukurasa wa kwanza kati ya zile nne. Kurasa mbili zilizofuata zilihusu maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta. Sisi tulikuwa tumeandika “katani” kila mahali, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea nyumbani. Kampuni ilituunganisha na Google Search Console, ambayo ni huduma ya bure inayoonyesha maneno yaliyomfikisha mtu kwenye tovuti, na baada ya wiki chache ilionekana wazi kwamba waliotufikia walikuwa wameandika “mkonge” pamoja na jina la kitu chenyewe, ama “sisal”. Mwanzoni sikupenda kuliweka neno la kigeni kwenye vichwa vya kurasa zetu. Hata hivyo, hilo ni jina la bandari ya Mexico ambako singa hizo zilikuwa zikipakiwa, na mkonge wenyewe uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwa hiyo neno na mmea wote ni wageni wa zamani.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa ufundi. Picha kubwa ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti ilikuwa na uzito wa megabaiti saba, na mtu anayefungua kwa simu na bando la kupima alikuwa akiondoka kabla haijaonekana. Google huhesabu kuwa vizuri iwapo kitu kikuu cha ukurasa kinaonekana ndani ya sekunde 2.5. Tulipunguza picha zote kwa siku moja, bila kulipa senti ya ziada.

Baada ya hapo kazi iliporomoka. Zaidi ya kurasa ishirini zilikuwa kalenda ya machapisho, matatu kwa siku, kwa Instagram, Facebook na TikTok, kana kwamba watu sita wanaosuka wana mpiga picha wao. Katika wiki ya tatu ya kalenda hiyo nilikuta maneno “karibuni wapenzi wa kahawa”. Hatuuzi kahawa. Mpango wa matangazo ya kulipia nao ulitaka shilingi 20,000 kila siku kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 65 Tanzania nzima, ingawa kurasa thelathini nyuma mwandishi huyohuyo ameeleza kwamba mnunuzi wetu mkuu ni ofisa manunuzi wa hoteli.

Yapo mawili mazito zaidi. La kwanza, andiko lilitushauri tukusanye namba zote zilizowahi kutuandikia na kuzitumia matangazo kwa mkupuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu hata mwenye karakana, na mtu aliyeuliza bei ya zulia mwaka juzi hajaniruhusu nimsumbue kila Ijumaa. Mshauri anayelipwa alipaswa kulijua hilo kabla yangu. La pili, akaunti za takwimu za tovuti walizifungua kwa baruapepe yao, na ilinichukua wiki mbili za kukumbushana hadi umiliki ukahamishiwa kwetu. Ningekuwa naanza upya, ningeliandika sharti hilo kwenye mkataba kabla ya kulipa nusu ya kwanza.

Kuhusu matokeo, tuna daftari lenye safu ya chanzo cha kila ombi la bei. Kati ya maombi 31 tuliyopokea kuanzia Mei hadi Julai, 12 yalitaja ukurasa wa hoteli, na manne yameshazaa mauzo. Siwezi kuupa mkakati sifa yote, kwa sababu Juni na Julai ni miezi ya watalii na hoteli hununua vitu wakati huo kila mwaka. Lakini mwaka jana, katika miezi hiyohiyo, hakuna hoteli hata moja iliyotufikia kupitia tovuti.

Kampuni ilitupa pendekezo la shilingi 350,000 kwa mwezi ili iiendeshe kalenda ile. Tulikataa, tukaomba badala yake bei ya siku moja kila robo mwaka, yule kijana aje tusome naye takwimu. Walijibu kwamba huduma ya namna hiyo hawaiuzi. Kwa sasa binti wa dukani huzifungua takwimu mwenyewe kila Jumatatu asubuhi, na maneno mapya anayoyaona huyanakili nyuma ya daftari la oda.