Elfu sita kwa kodi za ajabu: masomo yangu ya gitaa Lamu

Nilipomwambia mke wangu nimelipa elfu sita za kodi, aliniuliza ni za nyumba gani. Ikabidi nimwoneshe gitaa. Kodi ndivyo sisi wapigaji tunavyoziita sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na za kawaida nazijua tangu sekondari: C, G, D, A maina, ndizo hizo hizo kila harusi. Nilishazichoka. Nikasikia kuna mzee Langoni anayepiga hotelini Shela usiku, na jioni anafundisha kodi ambazo wanaoanza hawafunzwi. Masomo sita ya saa nzima, elfu kwa kila somo, unatuma kwa M-Pesa. Nimeyamaliza wiki iliyopita, na maoni yangu ndiyo haya.

Tunakaa dakani kwake, ile baraza ya mlangoni, baada ya alasiri. Punda wakipita na mchanga inabidi tunyanyue miguu. Hana ubao wala karatasi. "Fumba mato, tega sikio," anasema, kisha anapiga kodi moja mara kumi kabla hajakuonesha vidole. Siku ya kwanza nilidhani ananipotezea muda wangu. Baadaye nilielewa kwamba kodi ya ajabu ukiijua kwa macho kabla ya sikio, utaichomeka kila mahali.

Na ndivyo nilivyofanya na E7#9. Wapigaji huiita kodi ya Hendrix, kwa sababu Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani, ndiye aliyeijaza masikioni mwa watu mwaka 1967 na "Purple Haze". Kidole cha shahada kinabana freti (vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) ya sita uzi wa nne, cha kati freti ya saba uzi wa tano, cha pete freti ya saba uzi wa tatu, cha mwisho freti ya nane uzi wa pili. Uzi mnene wa sita unaachwa wazi uvume, ule mwembamba wa kwanza hauguswi. Ukisikiliza vizuri utakuta ndani yake G kali (G#, nusu sauti juu ya G), ile inayoichekesha kodi ya E, na juu yake G ya kawaida, ile inayoiliza. Mzee alisema ni wake wenza wanaosalimiana mlangoni. Kwenye gitaa la umeme lililokorofishwa sauti yake ule ugomvi unakuwa raha. Kwenye gitaa langu la nyuzi za nailoni unasikika kama nimekosea.

Sikumsikiliza. Mazoezini na kikundi chetu nikaipachika pale palipotaka E7 ya kawaida, na mpiga kinanda akasimamisha wimbo mzima akauliza nani amekanyaga paka. Niliporudi kumsimulia, mzee alicheka mpaka akaweka gitaa chini. "Hiyo, mwanangu, haipigwi ili ipite. Hupigwa ili watu wasimame." Akanifundisha kuigonga mara moja tu, kuikata kwa kiganja, kisha kushuka A.

Somo la tatu na la nne ndiyo yaliyonirudishia pesa zangu zote. Alilegeza nyuzi tatu, wa sita, wa pili na wa kwanza, kila mmoja kwa sauti nzima, nyuzi zote sita zikawa D, A, D, G, A, D. Mpigaji wa Uingereza, Davey Graham, ndiye aliyeitia nguvu tyuni hii mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kwenda Moroko na kutaka gitaa lake liende sambamba na udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu. Kumbe Mwingereza alikuwa anahangaika na shida yetu! Mtu wa Lamu aliyekulia kwenye udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa, anajua shida ni nini. Udi hauna freti, kidole kinatua popote, hata baina ya sauti mbili, na Rast na Bayati, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, zinaishi humo humo katikati. Freti ya gitaa ni chuma, haikupi nafasi hiyo.

Dawa yake ni kuitoa kwenye kodi ile sauti inayoamua kicheko au kilio. Kwa tyuni hiyo unabana kidole kimoja tu, freti ya pili uzi wa tatu, nyuzi nyingine zote wazi. Kinachobaki ni D na A peke yake. Mwimbaji anapita juu yake na robo zake za sauti bila kugongana na mtu. Mpwa wa mzee, binti wa kama miaka kumi na minne, aliimba kutoka ndani huku mimi nimeshikilia kidole hicho kimoja, na nilisisimka mwili mzima. Alipomaliza akauliza kama chai iletwe.

Kodi niliyoipenda kuliko zote ni nyepesi ajabu. Rudisha tyuni ya kawaida, shika E meja, kisha sogeza vidole vyote vitatu freti moja mbele bila kugusa nyuzi zilizo wazi. Inatoka F yenye B na E zinazolia ndani yake, na besi ya E chini. Wapigaji wa flamenko wa Hispania wanaitumia sana. Nenda na kurudi kati ya hizo mbili, E na hiyo, umeshafika Hijaz, ngazi nyingine ya Kiarabu. Jirani yetu mwenye duka, ambaye hajawahi kunisifia kitu, alitoa kichwa dirishani.

Sasa lawama. Mara mbili nilimsubiri hadi karibu na magharibi kwa sababu hoteli ilimwita mapema, na adhana ikitoka somo limekwisha, dakika zilizopotea hazifidiwi. Hakuachii chochote cha maandishi; nisingekuwa na daftari ningerudi nyumbani na vidole vitupu. Kodi za jazi, zile za Wabrazili nilizoziomba tangu mwanzo, alizipitia somo la sita kwa haraka, na nadhani mwenyewe hazimpendezi. Na kama bado unatafuta F ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, usiende, utajiona mjinga na atakwambia hivyo.

Nampa nyota nne. Ukienda, chukua daftari, simu ya kurekodi (haimkeri), na seti ya pili ya nyuzi kama gitaa lako ni la nyuzi za chuma, maana kwa chumvi ya hapa huota kutu upesi, na Langoni sikuzipata. Hata zangu za nailoni zilikuja na basi kutoka Mombasa. Mimi nimeshamwambia baada ya Ramadhani anihesabie tena, ila safari hii nimeomba tuanze saa tisa na nusu.