Dawa ya nozo: kabla hujatoa hela, uliza chupa ni ya lita ngapi

Kilichoniponza ni kibandiko cha bei kwenye chupa ya dawa ya nozo, ile inayotiwa kwenye tanki la petroli ili isafishe nozo, vimidomo vinavyopulizia injini petroli. Cha njano, kimeandikwa 18,000 kwa kalamu nene, kimebandikwa mgongoni mwa chupa juu kabisa ya mstari mmoja mdogo. Mstari huo niliuona siku tatu baadaye, nimekaa juu ya tairi kuukuu gereji, nakibandua kwa kucha. Chini yake: chupa moja, petroli lita 60.

Mimi nilikuwa nimeimimina yote kwenye tanki lenye petroli isiyofika lita kumi.

Gari langu, Toyota IST, lilikuwa linatetemeka likiwa sailensa, yaani limewashwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, hasa asubuhi. Kijana wa duka la spea hapa Tabora mjini akaniambia, "Dada, hii unatia yote, unawasha, unasahau." Nikasahau kweli. Njia ya Urambo, kabla ya Usoke, gari likaanza kumisi, likakosa nguvu, taa ya injini ikawaka. Fundi alipotoa pampu ya petroli, chujio lake lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Kwa maelezo yake, uchafu wa miaka uliolala tankini ulibanduka kwa mpigo mmoja ukakimbilia pale. Petroli ikashushwa kwenye ndoo. Kuvutwa, chujio jipya, siku mbili za bodaboda. Hesabu nimekataa kuimaliza.

Kwa hiyo msitegemee nianze na rangi ya chupa au nchi ilikotoka. Swali langu ni lile moja tu, ya lita ngapi? Dawa hizi zimetengenezwa kwa watu wanaojaza tanki. Sisi tunaweka ya elfu ishirini, ambayo kwa bei za miaka hii ni lita chache tu, kesho tunarudi na elfu kumi. Chupa ya lita 60 haiyajui maisha haya.

Ninayoipenda mimi ni Techron, na sifichi. Ya kampuni ya Chevron ya Marekani. Chupa yake ya mililita 355 ni ya lita 45, yaani tanki moja la gari dogo kama langu likijazwa. Ndani yake kuna polietheramini, ile inayoandikwa PEA, kemikali inayong'oa masizi ya kaboni kwenye nozo na isiyokata tamaa mapema kwenye joto la silinda. Dawa nyingine nyingi ni mafuta mepesi tu, ndugu wa mafuta ya taa, yaliyonyunyiziwa dawa kidogo. Geuza chupa utafute herufi hizo tatu. Zisipokuwepo, mwulize muuzaji unalipia nini.

Natia dawa kwanza, petroli inafuata juu yake ili zichanganyike. Halafu naenda safari ndefu, Nzega na kurudi, kwa sababu kuzunguka Kanyenye na Isevya injini haipati hata muda wa kuchemka vizuri. Tanki likikaribia kuisha namwaga oili, maana mabaki ya dawa na uchafu hupenya hadi huko. Kutia dawa kila kilomita 5,000 hivi inatosha.

Hela ya kujaza tanki haipo? Piga hesabu: mililita 8 kwa kila lita. Ukiweka lita kumi, ni mililita 80. Nilinunua famasi bomba la sindano la mililita 20, navuta mara nne, nafunga chupa naiweka mbali na watoto. Fundi wangu alinicheka akaniuliza gari linaumwa malaria gani. Acheke tu, nozo zangu sasa zinapuliza vizuri na sailensa imetulia.

Ya pili ni Liqui Moly ya Ujerumani, ile ya nozo za petroli. Kopo la mililita 300 kwa lita 75. Ni dawa nzuri, na ukiikuta hapa mjini usisubiri basi la Dar kwa ajili ya Techron. Ila lita 75 ni tanki la nani? Labda la wenye Prado. Sisi wengine ni sindano tena, mililita 4 kwa lita.

Sea Foam nayo ina mashabiki wake. Ni mafuta mepesi na alkoholi, na kwa bei wanayoitaja, mimi siioni thamani yake.

Zile za elfu tano zenye picha ya moto na gari la mashindano: nyingi hazitaji lita wala kilichomo. Basi.

Wenye Toyota Noah za injini ya D4 wamenichosha kwa kuniuliza, kwa hiyo nijibu mara moja. Injini yenu inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti mgongoni mwa vavu za kuingizia hewa. Kaboni inayoganda pale haitaguswa na dawa yoyote mtakayotia tankini, hata mkinywesha gari katoni nzima. Itasaidia nozo, si vavu hizo. Vavu ni kufungua manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa, na kusugua kwa mkono. Anayesema chupa yake inamaliza kazi hiyo hajawahi kufungua D4, au ameifungua na ana mzigo wa kuuza.

Na msichanganye dawa hizi za tankini na dawa ya kuosha injini, inayotiwa kwenye oili ya zamani, injini ikazunguka sailensa dakika kumi kama kopo linavyosema, kisha oili na filta vikabadilishwa. Kama gari limekaa miaka bila kumwagwa oili, iacheni. Matope yakibanduka yanaziba chujio la pampu ya oili, na injini kunoki ni suala la kilomita chache. Wanaoosha kwa dizeli, shauri yenu.

Sasa wauzaji. Petroli kuwa ghali Tabora kuliko Dar naelewa, malori yanasafiri, na EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo ya kila mji kila mwezi. Lakini kichupa kinachoingia kwenye mkoba wa mkononi, kimekuja na basi, kwa nini maduka matatu ya mtaa mmoja yawe na bei tatu? Na kwa nini kikae dirishani juani hadi maandishi yafutike? Duka moja niliuliza kuhusu PEA nikaambiwa, "Mwambie shemeji aje." Shemeji yupi? Gari ni langu.

Juzi nilirudi kwa yule wa kibandiko cha njano. Chupa zilikuwa zimebaki mbili. Nikamwambia abandue asome. Akabandua, akasogeza chupa karibu na macho, akasoma. "Ah, kumbe lita 60!" Akachukua kibandiko kipya, akaandika 22,000.