Tela dogo la safari za porini: lipi linafaa kununuliwa ukiwa Dodoma

Mkazi wa Dodoma anayetafuta tela dogo la kwenda nalo porini anapaswa kukubali mapema jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja, nalo ni kwamba tela hilo litakaa nyumbani siku nyingi mno kuliko zile litakazokuwa safarini. Kwa sababu hiyo, swali la idadi ya vitanda si la kwanza. La kwanza ni kazi ambayo tela litafanya wakati hakuna safari: kupeleka madumu ya maji kwenye kiwanja kinachojengwa Nala au Iyumbu, kuleta magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa, au kusomba kreti za zabibu kutoka Hombolo msimu wa mavuno unapofika. Nimeyapanga matela katika mwongozo huu kwa kuanza na kigezo hicho, kisha nikaongeza viwili vingine: namna tela linavyostahimili vumbi, na kama fundi wa kawaida wa Kondoa au Mtera anaweza kulitengeneza kwa vifaa alivyonavyo.

Barabara kuu zinazotoka Dodoma kwenda Iringa, Morogoro, Singida na Babati zina lami, na kwenye lami karibu kila tela hupendeza. Tofauti huonekana pale lami inapoachwa. Anayekwenda kutazama michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, anamalizia safari yake kwenye njia ya mawe na mteremko. Anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kupitia Iringa ana zaidi ya kilomita 100 za kuelekea Msembe, njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe yenye vituta vidogo vinavyofuatana bila kikomo, na vituta hivyo hulegeza nati, hukata waya za taa na kupasua viungio vilivyochomelewa vibaya. Kati ya Desemba na Aprili kunaongezeka udongo mweusi wa mbugani, ambao ukilowa hauruhusu hata gari lisilovuta kitu kupita kwa urahisi.

Kwa hiyo mnunuzi aanze kwa kulala chini na kutazama uvungu, kabla hajafunguliwa jiko na makabati. Ekseli moja iliyonyooka, iliyokaa juu ya springi bapa za chuma pamoja na shokapu, ndiyo ninayoipendekeza kwa mazingira yetu. Mifumo ambayo kila gurudumu lina mkono wake hutembea kwa ulaini zaidi, hilo halina ubishi, lakini mkono ukipinda au bushi yake ikiisha ukiwa nje ya mji utasubiri kipuri kutoka mbali, ilhali springi bapa iliyokatika huweza kufungwa, kuchomewa au kubadilishwa jani lake na fundi yeyote anayehudumia malori. Beringi za magurudumu nazo ziwe za namba zinazopatikana katika maduka ya vipuri vya magari ya Toyota, kwa kuwa ni kipuri kinachokwamisha matela barabarani mara nyingi.

Jambo la rimu linastahili aya yake. Tela linalotumia rimu na tairi sawa na za gari linalolivuta linakupa spea tairi mbili zinazofaa pande zote, na hiyo ni faida kubwa kuliko friji yoyote. Hilux inayosukumwa na magurudumu yote manne na Prado hutumia nati 6 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 139.7, Land Cruiser za mfululizo wa 100 na 200 zina nati 5 kwenye duara la milimita 150, RAV4 nyingi zina nati 5 kwenye milimita 114.3. Ukimwagiza fundi akutengenezee tela, mpelekee rimu yenyewe badala ya maelezo ya mdomo. Upana kati ya tairi za kushoto na za kulia nao ulingane na wa gari, ili magurudumu ya tela yapite kwenye nyayo zile zile ambazo gari limekwisha kuzikanyaga, hasa kwenye mchanga wa makorongo.

Uzito ndio unaowadanganya wengi. Tuchukue tela tupu la chuma lenye kilo 350. Ongeza hema la kufungwa juu, kilo 60. Maji lita 100, ambazo ni kilo 100. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100, karibu kilo 30. Na mtungi mdogo wa gesi uliojaa, unaozidi kilo 10. Tayari umefika kilo 550, na bado hujaweka friji, viti, chakula, spea tairi wala mkaa. Magari mengi madogo hayaruhusiwi na watengenezaji wake kuvuta zaidi ya kilo 750 ikiwa tela halina breki zake lenyewe, na mengine huruhusiwa kidogo kuliko hapo. Kitabu cha gari husema wazi, na kisemacho ndicho kifuatwe, hata kama jirani anavuta mzigo mzito zaidi kwa gari kama hilo. Mzigo upangwe ili takriban asilimia 10 ya uzito wote wa tela ikae kwenye kulabu ya gari. Ikiwa pungufu sana, tela huanza kuyumba huku na huku mwendo unapoongezeka; ikizidi sana, nyuma ya gari hudidimia na usukani hupoteza nguvu. Tanki la maji liwe juu ya ekseli au karibu nayo, kwa kuwa ndicho kitu kizito kinachopungua uzito kadiri safari inavyoendelea.

Baada ya hayo, nafasi ya kwanza naipa tela la mzigo la chuma lililotengenezwa hapa nchini, lenye ubavu wa sentimita 50 hadi 60, mlango wa nyuma unaoshuka, na fremu ya kubebea hema inayofungwa kwa bolti ili ing'olewe safari ikiisha. Si zuri wa sura. Halina kabati la vikombe wala taa za kupendeza. Lakini Jumamosi linaweza kubeba matofali na Ijumaa inayofuata likabeba familia yako kwenda Mtera, na hakuna jingine katika orodha hii linaloweza kazi zote mbili bila kuharibika. Jiko la gesi, sanduku la vyombo na madumu ya maji vinapangwa ndani kwenye masanduku yanayotolewa, kisha turubai nzito linafunika yote.

Ubora wa tela la namna hii unategemea fundi, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa mkali. Fremu kuu iwe ya chaneli au bomba la mraba lisilokuwa chembamba, na mkono wa mbele, unaounganisha tela na gari, usiishie kwenye ukingo wa mbele wa sanduku bali uendelee chini yake hadi kwenye ekseli, kwa sababu mkono ulioshikizwa ukingoni tu ndio unaokatika kwenye vituta. Sehemu zilizochomelewa zitazamwe kabla ya kupakwa rangi. Fundi anayekataa kuonyesha kazi yake ikiwa bado haijapakwa rangi ana sababu yake. Ekseli iliyotolewa kwenye gari chakavu si dhambi, mradi ipimwe kama imenyooka na beringi ziwe mpya. Omba makadirio ya bei yanayotenganisha chuma, ekseli, tairi, umeme na ufundi, ili uweze kulinganisha gereji mbili au tatu kwa haki. Ofisi ya SIDO mkoani, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuulizia watengenezaji wenye karakana za kudumu.

Nafasi ya pili ni ya tela la porini lililotengenezwa Afrika Kusini na kuuzwa likiwa limetumika. Kwa anayesafiri mara nyingi, na ambaye hana haja ya kubeba matofali, hili lingekuwa la kwanza. Kampuni kama Conqueror na Jurgens zimetengeneza matela kwa ajili ya barabara za vumbi za kusini mwa Afrika, na hilo linaonekana katika mambo madogo: milango yenye mipira miwili ya kuzuia vumbi, tundu la hewa linalotazama mbele ili hewa iingie kwa nguvu na kulisukuma vumbi nje, tanki la maji lililofunikwa kwa bamba la chuma chini yake, na jiko linalovutwa kutoka ubavuni. Zaidi ya hayo, Afrika Kusini huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango na jiko kwa kawaida viko upande wa pembeni mwa barabara. Wenye matela ya kutoka bara la Ulaya au Marekani hufungulia mlango upande wa magari yanayopita, na ukisimama kando ya barabara ya Iringa utaelewa mara moja kwa nini jambo hilo ni zito.

Kasoro zake ni mbili. Mfumo wa gesi na kishikio cha mtungi mara nyingi viliundwa kwa mitungi ya huko, na mtungi wa kilo 6 unaouzwa karibu na soko la Majengo huenda usikae wala usiungane na mpira wake bila marekebisho. Pili, gharama za kuliingiza zikokotolewe kabla ya kulipa chochote. Katika utaratibu wa forodha, tela la kulala au kupigia kambi lina namba yake, 8716.10, tofauti na ya matela ya mizigo, na juu ya ushuru kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwulize wakala wa forodha atalitangaza tela chini ya namba ipi, na jibu lake liwe kwa maandishi.

La tatu ni tela ambalo kifuniko chake hufunguka na kuwa hema kubwa la turubai lenye sakafu. Familia yenye watoto wanne itapata humo nafasi ambayo hema la juu haliwezi kutoa. Hata hivyo, turubai ndilo kila kitu hapa, nalo lichunguzwe likiwa limetandazwa lote juani: zipu, mishono, na mikunjo ambako kitambaa husuguana na chuma safarini. Turubai la pamba nzito hupumua na kuvumilia upepo wa Dodoma wa Agosti na Septemba kuliko la nailoni jembamba, ingawa ni zito na lisikunjwe kabisa likiwa na unyevu. Ndani ya hifadhi yenye wanyama, hema lililo karibu na ardhi hunipunguzia hamu, na chakula lazima kifungiwe kwenye sanduku la chuma kwa sababu ya fisi na nyani.

La nne ni lile tela dogo lenye umbo la tone la maji, lililoanza kupendwa Marekani katika miaka ya 1930, ambalo ndani yake watu wawili hulala na nyuma yake hufunguka kuwa jiko. Ni jepesi, huvutwa hata na gari la kawaida, na usiku wa Julai halina baridi. Lakini limejengwa kwa watu wawili na kazi moja, na mengi yana kuta za mbao nyembamba.

La mwisho ni karavani ya kuta ngumu. Ni ndefu, haina nafasi ya kutosha chini ya uvungu, na makabati yake huachana na ukuta baada ya safari chache za changarawe. Anayetaka chumba cha kukaa mahali pamoja shambani anaweza kuinunua kwa lengo hilo, na aache kuivuta.

Niongeze hapa kwamba mwenye Prado na familia ya watu watatu huenda hahitaji tela hata kidogo, kwani keria imara na hema la juu ya gari vinamtosha, na hatakuwa na haja ya kurudi nyuma na tela kwenye njia nyembamba, kazi ambayo huwatesa hata madereva wazoefu.

Kwa upande wa nyaraka, tela husajiliwa TRA na kupewa namba yake, isiyo ya gari linalolivuta, na muuzaji asiye na kadi ya usajili hafai hata kama bei yake inavutia. Hakikisha pia kwamba taa za breki, indiketa na viakisi mwanga vya nyuma vinafanya kazi, kwamba minyororo miwili ya usalama ipo, na kwamba tufe la kulabu ya gari na kikombe cha tela kinacholishika ni vya kipimo kimoja. Tufe la milimita 50 ndilo la kawaida zaidi.

Kabla ya kulipa fungu la mwisho, omba kulivuta tela likiwa na mzigo, angalau kilomita 30, sehemu moja lami na nyingine vumbi. Ukisimama, gusa vitovu vya magurudumu yote mawili kwa tahadhari: vikiwa na joto la wastani na lililo sawa, beringi ni nzima, kimoja kikiwa kinachoma, kifunguliwe mbele yako. Fungua sanduku utazame vumbi limeingilia wapi, kisha kaza nati za magurudumu, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 za safari ya kwanza.