Kasha la sinthesaiza ya moduli: uanze na lipi?

Vijana wa studio hapa Mtwara wakinifuata kuhusu sinthesaiza za moduli, yaani ala za umeme unazoziunda kwa kupanga vipande (moduli) kwenye kasha, huuliza bei ya moduli. Kasha hulikumbuka mzigo ukishashuka kwenye basi la Dar. Mimi naanzia kwenye kasha.

Mfumo ulioenea ni Eurorack, uliotokana na A-100 ya kampuni ya Doepfer ya Ujerumani, miaka ya 1990. Kimo cha moduli ni kimoja, 3U, yaani milimita 128.5. Upana hupimwa kwa HP, na HP 1 ni milimita 5.08, hivyo safu ya HP 84 ni karibu sentimita 43. Weka moduli nne tu, kwa mfano Plaits ya HP 12, Maths ya 20, Pamela's New Workout ya 8 na osileta (chanzo cha sauti) A-110-1 ya 10: umeshakula 50, na bado hujapata filta ya kuchuja sauti.

Haya hapa makasha manne, kuanzia ninalolipendekeza zaidi:

1. La safu mbili lenye umeme wake. Doepfer A-100LC6 ina HP 168, Tiptop Mantis ina 208. Anayeanza achukue mojawapo hata kama nusu itakaa wazi mwaka mzima.

2. La seremala. Mninga tunao, mafundi tunao. Unaagiza reli za kufungia moduli na pawasaplai (kifaa cha kuzipa umeme) tu, na kina unakipanga mwenyewe. Nimeliweka la pili kwa sababu ya umeme: moduli zinataka volti +12 na −12, nyingine na +5. Kama hujui kutumia mita ya kupimia volti, rudi namba 1.

3. Safu moja ya HP 60 hivi. Linabebeka kwenye bodaboda. Lakini kwa hesabu ile ya juu, unabakiwa na HP 10.

4. Lenye safu ya ziada fupi, ya 1U. Kuna 1U ya kampuni ya Intellijel na ya Pulp Logic, na haziingiliani. Achana nalo kwa sasa.

Kina ndicho kilichoniumiza. Kasha langu la kwanza lilikuwa jembamba. Moduli iliingia, ila plagi ya utepe wa nyaya nyuma yake ikagota kwenye bodi ya umeme, paneli ikabaki imeinuka upande mmoja kama mlango uliovimba masika. Ukisoma kina cha moduli, hakikisha kama plagi imehesabiwa. Kama haijahesabiwa, ongeza sentimita moja.

Jumlisha pia miliampea za moduli zote, kila volti peke yake, na ubakishe kama robo ya uwezo wa pawasaplai. Mstari mwekundu wa utepe uelekee upande wa volti −12. Ukigeuza, unaweza kuunguza moduli.

Kwa tunaokaa karibu na bahari, kama Shangani, skrubu za M3 ziwe za chuma kisichoshika kutu. Na nafasi zilizobaki bila moduli zizibe. Mimi nilikatiwa vipande na fundi wa madirisha ya aluminiamu, kutoka kwenye mabaki yake, nikatoboa matundu ya skrubu nyumbani.