LibreCAD kwa mwenye kuanza: programu nzuri, lakini jua kwanza eshele inakaa wapi

Niko Goma, nachoraka plani za nyumba ndogo ndogo, vyumba viwili, vitatu, na niko natumia LibreCAD, programu ya kuchora plani kwenye ordinatere, tangu mwaka jana. Wadogo wengi wananiuliza kama ni programu ya kuanzia ao ni kupoteza wakati, basi leo naandika yote mara moja.

Ni bure, na bure ya kweli, hakuna leseni ya kulipa kila mwaka, hakuna kutafuta krake, zile kopi za wizi, zenye virusi. Ordinatere yangu ni ya zamani, RAM giga 4, na inafunguka bila shida. Menyu unaweza kuiweka kwa Kifaransa. Ila inachora 2D tu, yani plani bapa, mwenye kutaka kuonyesha mteja nyumba na paa lake kwa 3D atafute kwingine.

Sasa eshele, ile wengine wanaita skeli, hapo njo karibu wote wanakwama. Mutu anafungua programu, mbele ya kuchora ata mstari mmoja anaanza kutafuta wapi ataweka 1:50 (yani sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50 za nyumba), ju kwenye karatasi na rula ndivyo tulifundishwa, unachagua eshele kwanza kisha unapunguza kila kipimo kichwani. Hapa ni kinyume. Unachora nyumba kwa ukubwa wake wenyewe. Ukuta ni wa mita 4, unaandika 4. Unakamata kifaa cha mstari, unapiga 0,0 (pa kuanzia) kisha @4,0 (nne kwenda kuume) na ukuta uko pale, mita nne kamili, hakuna hesabu ya kugawanya. Eshele inakuja siku ya kutoa kwenye karatasi, si mbele.

Lakini lazima umwambie hizo 4 ni nini, ju programu haijui kama ni mita ao milimita. Nenda kwenye Options, fungua mipangilio ya mchoro, weka yuniti. Mimi naweka mita ju na masoni, mafundi wa kujenga, tunaongea mita. Na hapo hapo kuna mtego ulinikula siku mbili nzima: maandishi ya vipimo yanakuja na urefu wa 2.5, na wewe ukisha chagua mita, hiyo ni herufi ya mita mbili na nusu kwenda juu! Nilichora chumba cha 3.50 kwa 3, nikaweka kipimo, namba ikafunika chumba chote, nikafikiri programu imeharibika. Haijaharibika. Kwenye sehemu ya vipimo kuna eshele ya jumla, kama utatoa plani kwa 1:50 andika 0.05, kama ni 1:100 andika 0.1, na kwenye karatasi herufi zitatoka milimita 2.5, zinasomeka vizuri.

Kutoa karatasi ni rahisi, hapo naipa maksi zote. Unafungua onyesho la kuprinti, unaona karatasi yako na nyumba ndani yake, unachagua 1:50 kwenye orodha, unaweka katikati. Nyumba ya mita 12 kwa 9 inakuwa milimita 240 kwa 180, kwenye A3 ya 420 kwa 297 inakaa vizuri na vipimo vyake na kartushi, kile kisanduku cha maelezo ya plani. Pembeni kuna kitufe cha kuijazisha kwenye karatasi. Kama plani ni ya kujengea, usikiguse, kinachagua eshele yake mwenyewe.

Programu ikimaliza kazi yake vizuri, bado kuna enprimante. Mwezi wa tano nilipeleka PDF kwenye nyumba moja ya fotokopi pale Birere, A3 ilikuwa imeisha, kijana akatoa kwa A4 na mashine ikapunguza yenyewe, mimi nikalipa nikaenda bila kupima. Kwenye kartushi ilikuwa bado imeandikwa 1:50. Kesho yake kwenye parseli, papa masoni akaweka rula yake juu ya mlango wa chumba, ule wa sentimita 90 ambao kwa 1:50 unapaswa kuwa milimita 18, akapata 13. Akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi, akaniangalia. "Mwanangu, hii ni sentimita 65. Ata godoro haitapita." Nilisikia haya sana. A3 ikiingia kwenye A4 inabaki asilimia 71, 1:50 yako inakuwa karibu 1:71, na chumba cha 3.50 mutu wa rula atakisoma 2.50. Namshukuru yule mzee mpaka leo, ju misingi ilikuwa haijachimbwa bado, na wenye kuchimba kwenye mawe ya volkano wanajua kuchimba mara mbili ni nini.

Tangu siku ile nachora rula ndogo ya mita 5 chini ya kila plani, ikipungua karatasi nayo inapungua, ukweli unabaki. Na kwenye fotokopi nasema "ukubwa halisi", kisha napima mlango mmoja mbele ya kulipa.

Mabaya yake: hakuna kurasa za layout, zile za kupanga michoro ya eshele tofauti kwenye karatasi moja, kama kwenye AutoCAD, programu ingine ya kuchora, kwa hiyo plani ya 1:50 na detaye ya ngazi ya 1:20 kwenye karatasi moja inakuwa mateso, mimi natengeneza fayili mbili. Na fayili za DWG, zile za AutoCAD, zinasumbua, mwambie mwenzako akutumie DXF, aina ya fayili ambayo LibreCAD inafungua, ama geuza na programu ODA File Converter, nayo haulipi kitu.

Naipa 8 juu ya 10. Mwenye kukwama kwenye yuniti aniandikie, anitumie fayili yenyewe, si picha ya simu.