Nywele Zinakimbia: Hela Yako Ianzie Wapi

Kinyozi wangu ndiye aliyeniambia. Alikuwa amemaliza kunyoa, akashika kile kioo kidogo nyuma ya kichwa nione kisogo, halafu badala ya kukiweka chini akakipandisha mpaka utosini, akanyamaza. Palikuwa na duara la ngozi, kubwa kuliko sarafu ya mia mbili. "Braza, hapa pameanza kupungua." Kabla sijashuka kitini ameshanitolea chupa ya mafuta kabatini, elfu ishirini na tano, wateja wote wanaisifia. Nikanunua. Mwezi uliofuata nikanunua ya pili. Baadaye ndipo nikaja kugundua kwa nini kinyozi mwenyewe havui kofia.

Tangu siku hiyo nimetumia hela nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Orodha hii nimeipanga kwa jambo moja tu: shilingi ikishatoka mfukoni, ina nafasi gani ya kurudi ikiwa nywele. Kwa kipimo hicho upasuaji wa kupandikiza nywele, ambao ndio kila mtu anaulizia, hauko juu.

Namba moja: daktari wa ngozi, kabla ya chupa yoyote

Tunasema "nywele zinakatika" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Mtoto mwenye mapunye ana fangasi, na fangasi wa kichwani hawasikii krimu. Wanahitaji vidonge kwa wiki kadhaa. Mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita anajaza kitana nywele kila asubuhi, na mara nyingi zitarudi zenyewe bila kununua kitu. Hali hiyo hiyo humpata mtu aliyetoka kwenye homa kali, operesheni, au aliyepunguza kilo nyingi haraka. Mwingine damu yake haina madini chuma ya kutosha, au tezi ya shingo imevurugika. Mwingine zimetoka viraka vya mviringo, ngozi laini kabisa, kwa sababu kinga ya mwili wake inashambulia mizizi ya nywele. Halafu tuko sisi wa upara wa ukoo, unaoanzia kwenye mapanja au utosini na kwenda polepole.

Wa kuogopa zaidi ni ule wa akina mama unaoanzia utosini na kutambaa kwenda nje kama doa la mafuta, wakati mwingine ukiwasha au kuunguza. Huo unaacha kovu. Ngozi ikishang'aa na vitundu vya nywele kufungika, hakuna dawa itakayovifungua, kwa hiyo mwezi unaopoteza ukijaribu mafuta ya jirani haurudi. Daktari akihitaji uhakika atachukua kinyama kidogo cha milimita 4 hivi kwa ganzi, kipelekwe maabara. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Muhimbili nao wana kliniki ya ngozi. Ada ya kumuona daktari na vipimo vya damu ndiyo hela bora utakayotoa katika safari hii yote, hata kama jibu lake ni "nenda nyumbani, subiri miezi sita."

Namba mbili: kulegeza, ambako hakuna bei

Dada yangu akitoka kusuka anameza Panadol mbili na kulala kifudifudi, kwa kuwa kichwa hakigusi mto. Msusi wake ana msemo: ikiuma ndiyo imekaa. Kwa miaka kumi mapanja yake yalirudi nyuma taratibu, ikabaki mistari ya vinywele vyembamba mbele kabisa, na nyuma ya mistari hiyo ngozi tupu. Ukiona alama hiyo huhitaji kuambiwa ugonjwa: nywele zimevutwa.

Waliouandika ugonjwa huu mapema, mwaka 1907, waliuona Greenland, kwa wanawake waliokuwa wakikaza nywele zao kichwani. Kwa hiyo si laana ya nywele zetu, ni fizikia. Rasta nzito, twende kilioni ya kukazwa, wigi la gundi, kilemba kinachobana juu ya mabutu yanayobana, vyote vinafanya kazi ile ile, na nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha huumia haraka zaidi. Mapema zinarudi. Baada ya miaka mingi mzizi hufa, na hapo ni kovu. Mwambie msusi alegeze za mbele, rasta ziwe nene na chache, na ukiona vipele vyeupe kwenye mapanja siku ya pili, fumua. Najua umelipa elfu hamsini. Fumua.

Namba tatu: minoksidili

Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele hadi kwenye mashavu, mtu akapata wazo, na mwaka 1988 Marekani wakaruhusu ya kupaka kichwani kwa jina la Rogaine. Leo ziko aina nyingi za bei nafuu; angalia kwenye boksi neno Minoxidil na asilimia, 2 au 5. Inafaa wanaume na wanawake, isipokuwa mjamzito na anayenyonyesha.

Piga hesabu kabla ya kununua. Chupa ya dawa ya maji ina mililita 60. Dozi ya mwanaume ni mililita 1 asubuhi na 1 usiku, kwa hiyo chupa ni ya mwezi, na mwaka ni chupa 12. Usiulize bei ya chupa, uliza bei ya chupa 12, kwa sababu ukiacha, ulichokipata kinaondoka ndani ya miezi mitatu au minne. Mimi nilitumia miezi kumi na minne. Utosi ulijaa, si wote, ila kioo cha kinyozi kilikosa cha kusema. Nikasafiri, nikaacha, na kabla ya Krismasi ile duara ilikuwa imerudi.

Mambo mawili hayaelezwi dukani. Wiki za mwanzo nywele hudondoka zaidi kuliko kawaida, kwa sababu zile dhaifu zinasukumwa na mpya. Wengi hutupa chupa hapo hapo. Na matokeo huanza kuonekana kati ya mwezi wa nne na wa sita. Ukiwashwa sana na ya maji, jaribu ya povu, kwa kuwa mara nyingi mkosaji ni kimiminika kilichobeba dawa. Kama mnafuga paka, nawa mikono na usimwache alambe mto: dawa hii ni sumu kwake. Vile vichupa vya "serum ya ndevu" vya Kariakoo visivyo na jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha, viache. Vingine vina dawa hii hii kwa kipimo asichokijua hata muuzaji.

Namba nne: finasteridi, wanaume tu, na kwa cheti

Upara wa ukoo unatokana na homoni iitwayo DHT, inayotengenezwa mwilini kutoka kwenye homoni ya kiume. Mwaka 1974 watafiti walieleza kuhusu familia za Jamhuri ya Dominika ambazo baadhi ya wanaume wao walizaliwa bila uwezo wa kuitengeneza vizuri; hata uzeeni hawakuota upara, na tezi dume zao zilibaki ndogo. Kutoka hapo ikaja finasteridi: kwanza kidonge cha miligramu 5 cha tezi dume, 1992, kisha cha miligramu 1 cha nywele, 1997. Kinapunguza DHT ya kwenye damu kwa takriban asilimia 70. Kwa kuzuia zisiendelee kuondoka, kwa mwanaume, sijui kitu kinachokishinda kwa bei yake.

Kwa nini basi hakiko juu ya minoksidili? Kwa sababu ya yale ambayo mwanaume hataki kusoma. Wachache hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, na wengine huingiwa na sonona. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Uliwahi kuumwa akili au sonona? Mwambie daktari kabla, si baada. Kidonge hiki pia hushusha karibu nusu PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, kwa hiyo siku ukipimwa usinyamaze. Mjamzito asiguse kilichovunjika, maana kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Wale wanaokatakata cha miligramu 5 jikoni ili kuokoa hela, wakumbuke ule unga unabaki mezani.

Namba tano: upasuaji

Pitia uwanja wa ndege wa Istanbul, Uturuki, siku yoyote utawaona: wanaume na mikanda myeusi kwenye paji la uso, vichwa vyekundu vyenye vidoti kama vimechomwa sindano elfu, wanatembea polepole wakiogopa kugongwa. Kifurushi cha upasuaji cha huko chenye hoteli na gari la kukupokea huwa kati ya dola 2,000 na 4,000, na ndege zinakwenda moja kwa moja kutoka Dar na Nairobi. Kishawishi nakielewa.

Elewa kwanza unanunua nini. Mwaka 1952 daktari Norman Orentreich wa New York alihamisha nywele za kisogoni na kuzipanda mbele ya kichwa cha mwenye upara, akaona zinaendelea kuishi kwa tabia ya kisogo: DHT haiziui. Hiyo ndiyo siri yote. Hakuna nywele mpya, kuna kuhamisha. Kisogo ni kitalu, lakini tofauti na kitalu cha mpunga, ukishang'oa mche huu hakuna mbegu ya kumwaga tena. Akiba ya maisha ya watu wengi ni miche elfu chache. Anayekuahidi 5,000 kwa siku moja anakula akiba yako yote kwa mkupuo, na ukiwa na miaka 24 upara wako bado unatembea: utabaki na kisiwa cha nywele mbele na bahari nyuma yake. Ndiyo maana upasuaji bila dawa za namba tatu na nne, kwa wengi wetu, ni kujenga nyumba mtoni.

Sasa jambo letu sisi wenye nywele za kipilipili. Mzizi wetu unapinda hata chini ya ngozi, kama ndoana. Kwenye njia ya kutoboa mche mmoja mmoja, daktari aliyezoea nywele nyoofu anateremsha kitoboleo wima na kuukata mzizi katikati. Umelipia mche, umepanda maiti. Muulize amefanya vichwa vingapi kama chako, akuonyeshe picha zao za mwaka mzima baadaye, tena mwombe ajaribu miche michache kwanza aone ingapi inatoka salama. Njia ya pili ni kukata ukanda wa ngozi kisogoni na kuugawa chini ya darubini. Mizizi inayoumia ni michache zaidi, ila linabaki kovu la mstari, na kwako wewe unayenyoa kwa mashine namba moja litaonekana.

Una kovu lililowahi kuvimba likawa kubwa kuliko kidonda chenyewe? Una vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyoletwa na kunyoa? Sema mapema. Kwa baadhi yetu jibu sahihi ni usifanye. Kwa dada mwenye mapanja yaliyovutwa upasuaji unaweza kufanya kazi nzuri, mradi kuvuta kumekoma kweli. Mwenye ule ugonjwa wa kovu la utosini asubiri mpaka utulie kwa muda mrefu na daktari wa ngozi akubali kwa maandishi.

Swali linalotenganisha kliniki ni hili: nani atatoboa? Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele, ISHRS, kinaendesha kampeni dhidi ya kliniki ambako daktari anapita kusalimia tu na mafundi wasio na leseni wanafanya kazi yote. Rafiki yangu mmoja alichorewa mstari wa nywele na mtu aliyejitambulisha kama "mratibu", akaonana na daktari dakika tatu. Mstari uko chini mno na umenyooka kama wa kofia ya dereva. Hauondoki.

Baada ya hapo jiandae kisaikolojia. Siku ya tatu hadi ya tano uvimbe hushuka kwenye paji mpaka macho. Muislamu amuulize daktari lini ataweza kusujudu, kwa maana paji kugusa sakafu mapema ni hatari kwa miche. Wiki ya pili hadi ya sita zilizopandwa zinadondoka karibu zote, na hilo ni kawaida, mizizi imebaki. Zinaanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, na hukumu kamili ni mwezi wa kumi na mbili. Kabla ya kulipa, jua pia ni daktari gani wa hapa nyumbani atakayekuangalia ukipata usaha wiki ya pili, wakati Istanbul wanakujibu kwa emoji.

Namba sita na zilizobaki

Sindano za plasma, yale majimaji ya damu yako mwenyewe, husaidia baadhi ya watu, lakini kila kliniki ina mapishi yake, zinarudiwa mara kwa mara, na kwa hela hiyo unapata minoksidili ya muda mrefu. Weka baadaye.

Mafuta ya nyonyo, nazi na habasoda yanalainisha na kuzuia kukatika. Hayaoteshi utosi. Vidonge vya biotini ni vya mwenye upungufu, ambao ni nadra. Tena vinaweza kupotosha vipimo vya damu vya tezi ya shingo na vya moyo, jambo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo lake mwaka 2017. Ukivimeza, mwambie anayekutoa damu.

Nje ya orodha

Niko kwenye mashine namba sifuri sasa, kila Jumamosi ya pili. Kazi haifiki dakika kumi na kioo kidogo hakitumiki tena. Nimemwomba kinyozi anipunguzie bei, kwa kuwa nusu ya kichwa haina cha kunyoa. Amekataa.