TAHADHARI: Fundi AC aliyeniuzia kompresa ya gari yangu mwenyewe

Nimekaa na hili jambo wiki mbili kwa aibu. Baba Neema alisema ninyamaze, watu watacheka. Haya, chekeni. Afadhali mnicheke mimi kuliko yule chalii ampate mwingine, maana juzi nimeambiwa kaonekana Bomang'ombe na lile begi lake la bluu.

Mnajua ninavyoitegemea gari tangu Mama aanze kliniki ya kila wiki Arusha, hilo sirudii. AC ilianza vituko Februari, na Februari ya Moshi mnaijua wenyewe. Tukiwa njiani, ukishapita Kwa Sadala unautafuta uwanja wa ndege wa KIA, baridi safi, Mama anajifunika khanga mabegani. Tukifika Arusha tukasimama foleni pale Sanawari, upepo unageuka wa moto kama mtu anakupumulia usoni. Magari yakisogea, baridi inarudi. Jibu lote lilikuwa hapo, na mimi nilipita nalo kila wiki bila kuliona.

Namba ya fundi nilipewa saluni, na aliyenipa hana kosa, naye alipewa. Kijana akaja nyumbani asubuhi, saa mbili kamili kama tulivyopatana. Nani kati yenu ameshawahi kuona fundi anafika saa mbili kamili? Akavua viatu mlangoni. Akamwamkia Mama shikamoo, akaendelea naye kwa Kimachame mpaka Mama akaanza kumuuliza ukoo. Chai akaikataa, eti kazi kwanza. Akanionyesha kwenye simu picha za magari ya watalii aliyoyatengeneza Arusha, Land Cruiser zimejipanga. Sasa mtu anayeaminiwa na gari la watalii, mimi na kigari changu nimkatae kwa lipi?

Akatoa geji ya kupimia msukumo wa gesi, ile yenye saa mbili za sindano, moja ya bluu na moja nyekundu, na mipira yake inaning'inia. Hapo ndipo nilipokwisha. Mafundi niliowazoea wanapapasa bomba kwa kiganja halafu wanasema gesi imeisha. Huyu ana vipimo!

Akafunga mipira, akaniambia nisimame kwenye boneti niangalie saa, yeye akaingia kwenye usukani, eti anaongeza mafuta kidogo. Injini ikanguruma.

"Mama Neema, bluu inasoma ngapi?"

"Kama tisini."

"Na nyekundu?"

"Tisini vilevile."

Kimya. Akashuka, akaja akasimama karibu yangu, akanitazama kwa huruma kama daktari aliyeshika majibu mabaya. "Umesoma mwenyewe, mama. Sindano zinalingana. Kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, haisukumi tena." Na mimi, na akili zangu zote, nikatikisa kichwa kama niliyeelewa.

Kumbe alipoingia kwenye usukani alizima kitufe cha AC. Kompresa ikiwa haizunguki sindano zitalingana tu, hata kwenye gari iliyoshuka melini jana. Ikizunguka na mfumo ukiwa mzima, ya bluu inashuka thelathini na kitu, nyekundu inapanda kupita mia na hamsini. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilikuwa nimesomeshwa uongo na macho yangu mwenyewe, na ndilo linaloniuma kuliko hela.

Bei: kompresa mpya 420,000, gesi 70,000, ufundi 50,000. Akataka 300,000 mbele ya kwenda kununulia Arusha. Nikamtumia kwa simu, jina likatokea la mwanamke. Nikauliza. Akasema ni dada yake, laini yake imefungwa. Sawa. Akafungua kompresa yangu, gesi ikatoka fuuu yote hewani, akaitia kompresa kwenye begi, eti aende nayo dukani wasije wakampa isiyolingana. Hilo nalo nililiona la busara! Nikamsifu.

Jioni saa kumi na moja na nusu akarudi na boksi. Boksi zuri, limefungwa gundi pande zote. Akasema, "Fungua wewe mwenyewe mama, nisije nikasingiziwa." Nikaleta kisu cha jikoni nikakata ile gundi, kompresa ndani inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikasikia harufu ya rangi. Nikamwambia, mbona inanuka rangi? Akacheka, akasema ndiyo harufu ya upya hiyo. Nikapiga picha nikaweka status. Wengine mlinipongeza, asanteni sana, picha nimeshafuta.

Akafunga, akajaza gesi kutoka kwenye kamtungi, giza likaanza kuingia. Twende tukajaribu. Tukashika barabara kuu hadi njia panda ya Machame na kurudi, mwendo mzuri, baridi mpaka vidole vinauma. Bila shaka baridi! Gari si ilikuwa inatembea? Na jua si lilikuwa limezama? Nikamalizia 240,000 na nauli 10,000 juu kwa mapenzi yangu.

Alhamisi yake, Sanawari, foleni. Upepo wa moto. Mama akaniangalia. Nikapiga simu, ikaita. Nikapiga tena, haipatikani, na haijapatikana mpaka leo ninapoandika.

Shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja hapa hapa Moshi, mzee hana hata kibao. Hakutoa geji. Aliwasha AC, akasikiliza, akainama mbele ya gari, akaomba ndoo ya maji. Akamwagia maji kondensa, lile wavu lililo mbele ya rejeta. Ndani ya dakika upepo ukaanza kupoa, gari imesimama palepale. Akasema, mwanangu, kompresa yako haina neno, feni ya kondensa ndiyo haizunguki. Ukitembea, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Ukisimama, hakuna wa kupooza gesi. Mota ya feni ilikuwa imemaliza kaboni zake, zile zinazopeleka umeme ndani. Nikanunua mota iliyotumika, 45,000.

Kwa kuwa mfumo ulifunguliwa na hewa ikaachwa ndani, ilibidi aivute kwa pampu zaidi ya nusu saa, kisha akajaza gesi kwa mzani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti. Yule mwingine pampu hakuwa nayo, mzani hakuwa nao. Gramu alizikisia kwa sikio.

Halafu mzee akakwaruza ile rangi ya fedha ya kompresa kwa bisibisi, chini ya kishikio cha waya. Mafundo mawili ya waya wa kufungia nondo na gundi nyeusi. Nikakaa chini. Ile ni kazi ya Baba Neema mwenyewe, mwaka juzi, kishikio kilipovunjika. Niliuziwa kompresa yangu. Ilitoka kwangu ikaenda kupuliziwa rangi ikarudi kwenye boksi nikaipokea kwa kisu cha jikoni na picha.

Polisi nimeenda, wameandika. Mimi nataka alale Karanga, na si wiki moja, alale mpaka ajifunze kupiga rangi kuta za gereza. Na huyo "dada" mwenye laini naye aitwe. Na mwenye boksi! Kuna duka linawauzia matapeli maboksi matupu, hao nao waguswe. Mzee mmoja hapa mtaani amependekeza viboko, sijampinga.

Jina na namba siweki hapa, ziko polisi. Haya ndiyo ninayoweza kuwaambia nikiwa na hasira hizi: fundi akipima, kitufe cha AC kishike wewe, si yeye. Kujaribu ni mchana, gari imesimama, dakika kumi na zaidi, na macho kwenye feni. Kifaa cha zamani kisitoke getini, na kikitoka kichoreni alama pasipoonekana. Akisema gesi "imeisha" muulizeni imetokea wapi, maana haichomwi kama petroli, ikipungua panavuja. Na mkisikia harufu ya rangi, jamani.

Mama bado ananiuliza yule kijana mwenye adabu atarudi lini.